Eko ya moyo kabla ya upasuaji, maswali ya watu wa dialisisi

Haya ndio maswali watu wa dialisisi (wanaosafishwa damu na mashine) hapa Kisumu huuliza wakiambiwa wapigwe eko, yaani picha ya moyo ya ultrasound, haswa wale wanangoja fistula (mishipa ya mkono inayounganishwa kwa upasuaji ili mashine ipate damu) ama wanajipanga kuenda Eldoret kupandikizwa figo.

Swali: Si ni figo ndio mgonjwa, moyo unaingilia wapi?

Jibu: Unaingilia sana. Figo zikifeli presha inapanda, maji yanabaki mwilini, damu inapungua, na hiyo mizigo yote inabebwa na moyo mpaka misuli yake inakuwa minene, na unaweza kaa hivo miaka bila kusikia chochote. Sasa daktari wa kukulaza usingizi lazima ajue utahimili dawa zake. Hata fistula yenyewe huongezea moyo kazi, kwa hivo moyo ukiwa dhaifu sana wanaweza amua ubaki na katheta, ule mpira wa dialisisi unaowekwa kwa mshipa mkubwa.

Swali: Inauma?

Jibu: Hapana. Unalalia ubavu wa kushoto, unapakwa jeli baridi, kifaa kinapitishwa juu ya ngozi, kati ya mbavu. Haina miale kama eksirei.

Swali: Niende siku gani?

Jibu: Hapa tafadhali mnisikize. Enda siku inayofuata dialisisi. Kama mashine yako ni Jumatatu na Alhamisi, itisha nafasi ya Jumanne ama Ijumaa, usiende Jumatatu asubuhi na maji ya tangu Alhamisi, manake moyo utaonekana umetanuka, valvu zinavuja, presha ya mapafu iko juu, halafu upasuaji unaahirishwa na shida ilikuwa maji tu. Mwambie anayekupiga eko ulitoka lini kwa mashine na ukiwa kilo ngapi. Lakini kama unakosa pumzi ama huwezi lala chali, usingoje nafasi yoyote, kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Swali: Ripoti inasema EF 35, ndio basi?

Jibu: Usikate tamaa. Hiyo ni asilimia ya damu inayosukumwa kila pigo, kawaida ni kama 55 hadi 70. 35 iko chini, ndio, lakini maji yakitolewa vizuri na dawa zimezwe inaweza panda, na kuna wagonjwa moyo wao hupata nguvu baada ya kupata figo mpya. Uliza daktari eko irudiwe lini.

Swali: Eko ikiwa sawa nimemaliza?

Jibu: Si lazima. Eko ya kawaida haioneshi mishipa ya moyo iliyoziba, so ukiwa na sukari ama kifua hubana ukitembea, sema, wanaweza taka vipimo vingine.