Moyo Ukitulia, Dawa Haiachwi: Maswali na Majibu Kuhusu Fibrilesheni ya Atria

Katika kliniki ya moyo ninakofanyia kazi, swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote halihusu dalili wala chanzo cha ugonjwa huu. Ni hili: "Daktari, moyo umetulia, si naweza sasa kupumzika dawa?" Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya swali hilo, ingawa yataanzia mbali kidogo.

Fibrilesheni ya atria ni nini?

Moyo una vyumba vinne, viwili vya juu vinavyoitwa atria na viwili vya chini vinavyoitwa ventrikali, na kwa kawaida vyote hufuata amri moja ya umeme inayoanzia katika atria ya kulia, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu mzima akiwa amepumzika. Katika ugonjwa huu amri hiyo humezwa na vurugu za umeme. Atria hutetemeka zaidi ya mara 300 kwa dakika badala ya kujikamua, nazo ventrikali hupokea sehemu tu ya vurugu hizo, tena bila mpangilio.

Nitautambuaje?

Wengi husema moyo unapapatika au unakwenda mbio, wanachoka upesi, wanaishiwa pumzi wakipanda ngazi, au wanapata kizunguzungu. Wengine hawasikii lolote, na ugonjwa hugunduliwa wakati wa kupimwa presha tu. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kisha hesabu mapigo kwa dakika nzima. Katika fibrilesheni pigo moja hufika mapema, la pili huchelewa, la tatu huwa hafifu kiasi kwamba vidole havilioni kabisa. Ukikuta hivyo, nenda ukapimwe umeme wa moyo, kwa sababu kipimo hicho ndicho kinachothibitisha. Mapigo ya kasi yanayoambatana na maumivu ya kifua, kuzimia au kushindwa kupumua hayasubiri miadi. Ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Husababishwa na nini?

Presha ya muda mrefu isiyodhibitiwa inaongoza. Zipo pia vali za moyo (milango ya damu ndani ya moyo) zilizoharibika, hasa kutokana na homa ya baridi yabisi inayofuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa utotoni, moyo kushindwa kufanya kazi, tezi ya thiroidi inayofanya kazi kupita kiasi, unene, kukoroma kunakoambatana na pumzi kukatika usingizini, na pombe, hasa inayonywewa kwa wingi kwa mkupuo. Sababu adimu naziacha, kwa kuwa hizo sizo zinazojaza benchi letu. Benchi linajazwa na presha, na siachi kushangaa kwamba mtu humeza dawa za presha wiki moja kabla ya kliniki ili kipimo kisome vizuri, kana kwamba mashine ndiyo inayoumwa.

Hatari yake kubwa ni ipi?

Kiharusi. Atria isiyojikamua huacha damu ituame, hasa katika kifuko kidogo kilicho pembeni mwa atria ya kushoto, na damu iliyotuama huganda. Bonge hilo likichomoka husafiri hadi kwenye ubongo na kuziba mshipa. Uwezekano wa mtu mwenye ugonjwa huu kupata kiharusi ni takribani mara 5 ya ule wa mtu asiye nao.

Matibabu yakoje?

Kuna kazi mbili, na kuzichanganya ndiko kunakowaponza wagonjwa. Kazi ya kwanza ni kuyatuliza mapigo kwa dawa kama bisoprololi au digoksini, au kuurudisha mdundo wa kawaida kwa dawa nyingine, kwa shoti ya umeme inayotolewa hospitalini, au kwa kuunguza sehemu ndogo za moyo zinazoanzisha vurugu. Kazi ya pili ni kuzuia damu isigande, kwa warfarini au kwa dawa mpya zaidi kama apiksabani na rivaroksabani. Mwenye vali ya chuma, au vali ya mitro (ile iliyo kati ya atria na ventrikali za kushoto) iliyobana sana, hutumia warfarini. Dawa ya mapigo mgonjwa huisikia, maana moyo hutulia. Dawa ya damu haisikiki mwilini hata kidogo, na kwa hiyo ndiyo inayoachwa kwanza.

Basi, moyo ukitulia naweza kuiacha dawa ya damu?

Hapana. Kutulia kwa mapigo hakuonyeshi kwamba damu imeacha kuganda. Mgonjwa mmoja alinifungulia pakiti yake ya warfarini akiwa na furaha. Vidonge vilikuwa karibu vyote, kwa kuwa alikuwa akimeza siku ambazo moyo umemsumbua tu. Aliporudi mara iliyofuata alikuwa ameshikiliwa na mwanawe, mkono wa kulia ukining'inia, na pakiti ile ile ilikuwa mfukoni.

Na kama hali hii hunijia mara moja moja tu, kisha inaondoka yenyewe?

Hapana. Inayokuja na kuondoka nayo hugandisha damu.

Na kama nimepigwa shoti na mdundo umerudi sawa?

Bado hapana. Atria huchukua muda kupata nguvu ya kujikamua, hivyo dawa huendelea kwa angalau wiki 4 baada ya shoti. Baada ya hapo daktari hupima hatari uliyonayo: umri wa miaka 65 na kuendelea, presha, kisukari, moyo kushindwa, kiharusi cha zamani. Wengi wenye mambo hayo huendelea na dawa maisha yao yote. Uamuzi huo si wa jirani, wala wa mtu aliyewahi kutumia dawa kama yako.

Aspirini haitoshi?

Haitoshi. Kinga yake dhidi ya kiharusi cha aina hii ni ndogo mno, na bado inaweza kukutoa damu tumboni.

Ninapotumia warfarini nizingatie nini?

Pima INR, yaani kipimo cha muda ambao damu yako huchukua kuganda, kila unapopangiwa. Kwa wengi lengo ni kati ya 2 na 3. Mboga za majani usiziache, bali kula kiasi kinacholingana kila wiki. Ibuprofeni, diklofenaki na dawa za mitishamba usizimeze bila kuuliza. Mwanamke anayetarajia kushika mimba atueleze mapema, kwa sababu warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kinyesi cheusi kama lami, au kugonga kichwa hata bila jeraha, kunahitaji hospitali siku hiyo hiyo.

Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikorogeka, nisubiri kidogo nione?

Usisubiri hata kidogo. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili ianze, na si kila mgonjwa anayefaa kupewa. Usilale ukitumaini kuamka umepona, usikandwe, usipewe chochote kwa mdomo. Anayekupeleka abebe dawa zako zote na aseme saa uliyomeza kidonge cha mwisho, kwa sababu hilo ni miongoni mwa maswali ya kwanza tutakayomuuliza mlangoni.