Mahakimu wa Kuzimu: Wagiriki Hawakuanza na Watatu

Dhana: Tangu mwanzo Wagiriki waliamini kwamba kila afaye hufikishwa mbele ya Minos, Rhadamanthys na Aiakos, mwema akapata raha na mwovu adhabu.

Ukweli: Kwa Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki, hukuti hivyo. Katika wimbo wa 11 wa utenzi wake, Odyssey, Minos amekaa na fimbo ya dhahabu akiamua kesi za wafu, ila wataalamu wengi huziona kuwa kesi zao wao kwa wao, kama mfalme aamuavyo magomvi ya raia. Menelaos, mfalme wa Sparta, naye anaahidiwa uwanda wa raha wa Elysion, aliko Rhadamanthys, kwa kuwa ni mkwe wa Zeus. Wema wake hautajwi. Sisi tuliokulia na habari za Siku ya Hukumu ndio tunaouingiza humo.

Dhana: Moyo wa marehemu ulipimwa kwenye mizani.

Ukweli: Hiyo ni Misri, mbele ya Osiris, mungu wa wafu, na jiwe la mizani lilikuwa unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli na haki.

Dhana: Mahakimu hao watatu wa Wagiriki walikuwa miungu.

Ukweli: Baba yao alikuwa Zeus, lakini walikufa kama watu wengine, na mwanafalsafa Plato amekijenga kisa chake kizima juu ya jambo hilo. Katika Gorgias, kitabu cha karne ya 4 KK, mwalimu wake Socrates anasimulia kwamba zamani watu walihukumiwa wangali hai, siku yao ya kufa, na mahakimu walio hai. Hukumu zikapotoka. Mwenye roho mbovu alikuja amejifunika mwili mzuri, ukoo na mali, mashahidi tele nyuma yake, na hakimu naye macho na masikio yake yalimziba. Zeus akaagiza watu wasijue tena siku yao ya kufa, na wahukumiwe wakiwa wafu, uchi, na hakimu aliye mfu na uchi vilevile. Rhadamanthys akapewa wafu wa Asia, Aiakos wa Ulaya, na Minos akawa wa kuamua wenzake wakikwama. (Kwingine, katika Utetezi wa Socrates, Plato anamtaja na wa nne, Triptolemos.)

Mimi hunigusa zaidi Rhadamanthys. Anaikagua roho bila kujua ni ya nani. Mara nyingi huwa ya Mfalme Mkuu wa Uajemi, na anachokiona ni makovu tu, yaliyoachwa na viapo vya uongo na dhuluma.