Gari ya umeme Kampala: tunayoogopa bure na yale ya kuogopa kweli

Kila nikipaki hii Nissan Leaf yangu ya umeme mahali, dakika tano haziishi kabla mtu hajaja kuniuliza, "Ssebo (yaani bwana), na umeme ukienda?" Swali ni la haki kabisa, wote tumekaa gizani, na hata baada ya UEDCL, kampuni ya serikali, kuchukua kazi ya kusambaza umeme Aprili 2025 bado kuna siku stima inapotea. Lakini hii dhana kwamba umeme ukienda gari imekufa si kweli. Gari ikiwa barabarani haitumii umeme wa leo, inatumia ule uliouweka jana na juzi. Mimi nakaa Najjera, mjini na kurudi na kupitia sokoni haizidi kilomita 35, hiyo ni kama yuniti sita hivi, na betri yangu ikijaa inanibeba siku nne au tano. Kwa hiyo usiku mmoja wa giza haunigusi, na tusisahau hata pampu za petroli zinasukumwa na umeme huohuo, jenereta ikikataa pale stesheni wenye mafuta nao wanangoja. Kitu cha kuangalia ni tabia, usingoje ishuke mpaka asilimia 10 ndo ukumbuke kuchomeka, na angalia Yaka (ile mita ya umeme wa kulipia kwanza) kabla ya kulala maana yuniti zikiisha saa nane usiku gari haikuamshi kukuambia.

Sasa wakati watu wanahangaika na umeme kukatika, hatari yenyewe iko ukutani na hakuna anayeiuliza. Wengi wanadhani soketi ni soketi, unachomeka kama pasi basi. Sikilizeni hii vizuri. Leaf nyingi zinatoka Japani na waya wao wa kuchajia wa volti 200, ambao unavuta ampia 15, ukifika hapa fundi anakata ile plagi ya Kijapani anaweka hii yetu ya miguu mitatu ambayo mwisho wake ni ampia 13. Pasi inavuta dakika chache inapumzika, gari inavuta masaa matatu, sita, kumi bila kupumua. Mimi wiki ya pili nilisikia harufu ya plastiki usiku, nikatoka nikakuta plagi imelainika na soketi imekuwa ya kahawia, na watoto wamelala chumba cha pili. Nyumba ingeweza kuwaka ile siku. Nililipa fundi mwingine akavuta waya mnene wa peke yake kutoka kwa meni (swichi kuu), wa milimita za mraba 6, na sakiti breka yake, na akahakikisha waya wa ardhi umefika ardhini kweli, maana nyumba nyingi zetu za kupanga huo waya umeishia ndani ya ukuta. Ilinigharimu lakini sasa nalala. Na ekstensheni ile ya kutembeza redio, tafadhali, usiichajie gari hata siku moja.

Kuhusu mvua, hapana, kuchaji kwenye mvua hakukupigi shoti kama vifaa ni vizima, chaja haitoi umeme mpaka iwe imeongea na gari na kukubaliana. Ila hiyo ni chaja na gari, soketi yenyewe iliyo nje ikinyeshewa ni habari nyingine, iwekee kifuniko.

Halafu ile namba ya kilomita. Muuzaji atakwambia Leaf ya 40, yaani yenye betri ya yuniti 40 (kWh), inatembea kilomita 400, na hadanganyi, namba ipo kwenye karatasi, ila ni kipimo cha Kijapani kinaitwa JC08 ambacho ni kipole sana. Marekani gari hiyohiyo wameipima wakapata kilomita 243, na hiyo ndo ya kuamini. Ile ya zamani ya 24, Wajapani wanasema 228, Wamarekani kama 135. Na hiyo ni betri mpya! Kwa hiyo Jinja na kurudi, kama kilomita 160, ya 40 yenye betri nzuri inakupeleka, Masaka unafika unalala unachaji, Mbarara kwa siku moja bila kuchaji njiani usijaribu. Ajabu ni kwamba watu wanaogopa jam wakati jam ndo rafiki wa hii gari, ukisimama Kibuye nusu saa mota haili kitu, ni AC na redio tu, na ukishuka kilima cha Naguru betri inarudishiwa kidogo. Kinachokula ni mwendo, barabara ya Entebbe ile ya kulipia ukikanyaga 100 utaona asilimia zinavyokimbia.

Eti betri inakufa miaka mitatu? Haifi, inapungua, na inapungua tofauti kwa kila gari kulingana na joto na vile ilivyochajiwa. Betri ya hizi Leaf za 24 na 40 haina mfumo wa kuipoza, ndio maana usiiache juani Kololo imejaa 100 siku nzima, mimi nachaji mpaka 80, najaza tu nikisafiri. Kwenye dashibodi kuna vijiti 12 vidogo vya afya ya betri, kile cha kwanza kikipotea ujue karibu asilimia 15 imeshaenda. Lakini vijiti vinaweza kuchezewa, kwa hiyo nunua kile kidude cha OBD kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake, weka programu ya LeafSpy kwa simu, soma afya ya betri mwenyewe kabla ya kutoa hata shilingi.

Kwa hesabu ya pesa, kilomita 100 zinanila kama yuniti 18 ukihesabu na zinazopotea wakati wa kuchaji, Vitz, kile kigari kidogo cha Toyota, kwenye jam hii itakula kama lita saba za petroli, zidisha mwenyewe kwa bei ya leo uone tofauti.

Na ukiwa hapo kwa muuzaji, fungua mdomo wa chaji pale mbele ya gari. Utaona matundu mawili, dogo ni la nyumbani, kubwa ni CHAdeMO ya kuchaji haraka, ambayo haiingiliani na plagi za gari za Ulaya wala za China. Kabla hujapanga safari ndefu, mpigie mwenye chaja umuulize ana plagi gani.