Mradi wa sayansi: nguvu haiko kwenye bei

Maonyesho ya sayansi yakikaribia, wanafunzi wengi wa Mtwara na Lindi huanza kuomba hela za vifaa: kipande cha bati, nondo nyembamba, gundi ya bei. Kwa daraja dogo au mnara wa kupimwa uzito, sehemu kubwa ya hela hiyo inapotea bure.

Dhana: kizito ndicho imara.
Huku kwetu mpingo ndio unaotupotosha. Ni mgumu kwelikweli, lakini ukiutia majini unazama. Daraja likipimwa kwa uzito linaobeba kulinganisha na uzito wake lenyewe, mti huo unakuangusha. Uliza nguvu kwa kila gramu. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.8 hivi, aluminiamu 2.7, na mwanzi mkavu haufiki hata 1. Tena mwanzi ukivutwa kwa kufuata nyuzi zake, kwa uzito uleule unakishinda chuma cha kawaida cha ujenzi. Ila usiupigilie msumari, utapasuka. Ufunge kwa kamba ya katani, tena ikaze.

Dhana: karatasi na boksi ni vya watoto wa chekechea.
Laza karatasi juu ya vitabu viwili vilivyoachana, italegea katikati. Ikunje migongo migongo kama bati la nyumba, itabeba kalamu kadhaa bila kupinda. Karatasi ni ileile. Kilichobadilika ni kimo. Ubapa ukiongezwa kimo mara 2, upana ukibaki uleule, ukakamavu wake hupanda mara 8. Ndiyo maana rula ikilazwa hupinda na ikisimamishwa kwa ubavu hukataa. Kwenye boksi, chungulia mawimbi ya ndani: nguzo ikatwe mawimbi yakisimama wima, la sivyo itajikunja mapema.

Dhana: ikiyumba, ongeza vijiti.
Fremu ya pembe nne husukumika ikalala upande; kijiti kimoja cha mshazari kikiigawa kuwa pembetatu mbili, inatulia. Nguzo ndefu nyembamba nayo haivunjiki, hupinda kwanza. Ukiishikiza barabara katikati isiende upande wowote, inaweza kustahimili mzigo hadi mara 4 ya ule wa mwanzo. Chelewa za ufagio, ambazo ni bure, zinafaa sana kwa kazi ya kuvutwa, lakini kwa nguzo zifunge kitita.

Dhana: gundi nyingi, kiungo imara.
Gundi nyingi ni uzito tu. Paka nyembamba, bana, acha ilale usiku kucha. Msimu wa mvua iongezee siku, maana gundi ya maji hukauka polepole hewa ikiwa na unyevu.

Mawe ya mizani hayahitajiki. Lita 1 ya maji ni kilo 1: tundika ndoo kwenye daraja la majaribio, mimina kidogo kidogo mpaka likatike, kisha uangalie limekatikia wapi. Mara nyingi utakuta vijiti vizima na kiungo kimeachia.