Kwa nini tamthilia za Nairobi haziishi kukaa sebuleni

Kila tamthilia mpya ya Nairobi ikianza, lawama ni ileile: kochi kubwa, ngazi za marumaru, mama tajiri anafoka kwenye simu, na jiji lenyewe halionekani ila kwa picha ya droni juu ya jengo refu la KICC kati ya onyesho na onyesho. Watu hudhani waandishi wetu wamelewa utajiri. Labda baadhi yao. Lakini mimi ni fundi wa sauti, na nikiingia kwenye nyumba ile ya Runda au Karen, mitaa ya matajiri, naona sababu nyingine kabisa. Ina ukuta mrefu, geti, vigae juu, dari chini ya vigae, na mwenye nyumba mmoja wa kulipwa. Mwigizaji akinong'ona, nitamsikia.

Jenereta inawekwa nyuma ya nyumba ya wafanyakazi, mbali na maikrofoni. Chumba cha kulala cha wageni kinageuzwa ofisi ya wakili, gereji inakuwa kituo cha polisi, na watu wazima arobaini hawahitaji kuhamishwa mjini kupitia foleni ya Ngong Road. Jambo la kwanza ninalofanya ni kuzima friji, kisha naweka funguo za gari langu ndani yake ili nisiondoke jioni nikaacha nyama ya wenyewe ikioza. Mafundi wa sauti dunia nzima wanafanya hivyo, wala si uchawi wangu. Hata hapo hakuna amani kamili. Ndege ndogo za Uwanja wa Ndege wa Wilson hupita juu ya Lang'ata na Karen, na kwarara, yule ndege wa makelele, akiamua kulia juu ya mti wa jirani, hakuna mwelekezi wa kumnyamazisha.

Sasa toka nje, nenda stendi. Watu hudhani adui wangu ni honi. Honi naweza kuivumilia, hata kuikata. Adui ni muziki wa matatu, yale magari ya abiria. Tuseme wapenzi wanagombana kando ya barabara. Tunapiga picha kwanza kwa mbali, halafu uso wa msichana, halafu uso wa kijana. Katika kila mkupuo inapita nganya (matatu iliyopambwa) nyingine na wimbo mwingine. Mhariri akiziunganisha, wimbo unarukaruka katikati ya sentensi, na sikio la mtazamaji linagundua upesi kuliko jicho. Isitoshe, wimbo ule una mwenyewe, na kituo cha televisheni kitataka karatasi ya haki zake. Basi onyesho la dakika mbili linahamishiwa wapi? Sebuleni.

Vibali nitavipita haraka. Leseni ya kurekodi hutolewa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na katikati ya jiji kuna kaunti, maegesho na askari wake. Ukiwa na karatasi zote bado kuna umati: kijana anayetaka kusalimia kwao kupitia kamera, na mzee anayeuliza kwa sauti kama hii ni televisheni ya Citizen.

Jua nalo linasukuma watu ndani. Nairobi iko nyuzi 1 na kidogo tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua linakaa utosini na macho ya mwigizaji yanageuka mashimo meusi. Wapiga picha wazuri hupenda nje kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi, kisha mwendo wa saa kumi na mbili na nusu giza linaingia kama mtu kafunga mlango. Saa za katikati lazima zitumike, maana tamthilia ya kila siku haina siku ya kupoteza.

Halafu kuna mvua, na hapa ndipo kichekesho chenye uchungu kilipo. Onyesho la nyumba ya tajiri ni rahisi kurekodi kuliko la nyumba ya maskini. Chumba cha Mukuru au Kibera, mitaa ya mabanda, ni mabati juu na mabati pembeni. Ikinyesha, iwe mvua ya masika, Machi hadi Mei, au ya vuli, Oktoba hadi Desemba, maneno hayasikiki. Jua likiwaka, bati linapanuka na kulia ka, ka, ka katikati ya machozi ya mwigizaji. Redio ya jirani iko umbali wa mkono. Tunatandaza mablanketi, tunamwomba jirani, tunamlipa jirani, au tunajenga chumba cha mabati ndani ya godown, yaani ghala, kule Industrial Area, ambayo nayo imeezekwa kwa mabati. Mtayarishaji akishapiga hesabu, familia maskini inapunguziwa maonyesho.

Ukirudi nyuma kidogo, mambo hayakuanzia Runda. Kipindi cha Vioja Mahakamani cha KBC, shirika la utangazaji la taifa, kilijenga ucheshi wake ndani ya mahakama moja, na hakuna aliyelalamika kwamba hatuoni barabara ya River Road, kwa sababu jiji liliingia pale kizimbani na midomo ya washtakiwa. Ukisikia anavyojieleza unajua katoka wapi. Hilo ndilo ninalolikosa leo zaidi ya picha za barabarani.

Kwa upande mwingine wako waliokuja na fedha za kutoka nje. Msimu wa kwanza wa tamthilia ya Sense8, uliotoka Netflix mwaka 2015, ulikuwa na Capheus, dereva wa matatu iitwayo Van Damn. Sehemu za Nairobi zilielekezwa na Tom Tykwer, ambaye tayari alikuwa amefanya kazi na watu wa hapa kupitia mradi wa One Fine Day, uliotoa filamu ya Nairobi Half Life mwaka 2012. Picha zake za jiji ni nzuri mno. Ila dereva wa matatu anayezungumza Kiingereza karibu muda wote, sikio langu lilikataa. Tamthilia ya Country Queen ya mwaka 2022 ilinikaa vizuri zaidi: Akisa anatoka Nairobi kwenda kijijini kwao, na lugha zinabadilika kulingana na nani anaongea na nani.

Siku hizi naomba mambo mawili kabla ya kukubali kazi. La kwanza, nipewe asubuhi chache bila kamera nikarekodi masoko ya Gikomba na Muthurwa na stendi ya Kencom zikiamka. Nisipozipata, mhariri atachukua sauti za barabara kutoka maktaba ya kununua, na mimi nimeshasikia king'ora cha Marekani kikipita Moi Avenue. La pili linahusu waigizaji. Kwa kuwa maikrofoni imebandikwa kifuani, wamezoea kuongea kwa sauti ya chini hata mahali pa kelele, na hapo uongo unajulikana. Kwa hiyo wakati wa mazoezi nafungulia spika muziki wa matatu kwa nguvu, mpaka kondakta na abiria waanze kupigiana kelele juu ya chenji. Kisha nazima muziki, wao wanabaki na kelele ileile, na ndiyo tunayorekodi. Matatu yenyewe wakati huo imeegeshwa kwenye uwanja wa shule, injini imezimwa, vijana wawili wanaitikisa kutoka nyuma. Muziki na injini nitaviweka baadaye, kwa kipimo ninachotaka, na kwa wimbo tuliolipia.