Nafasi ya Ubingwa Si Kiti cha Darasani

Kila bajeti inaposomwa mwezi Juni, swali tunaloulizwa ni lilelile: kwa nini serikali ya Uganda isiongeze tu idadi ya madaktari wanaosomea ubingwa?

Tuanze na miaka. Shahada ya kwanza ya udaktari nchini Uganda ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa utarajali, yaani kazi ya mafunzo hospitalini chini ya usimamizi. Ubingwa huongeza angalau miaka 3. Bunge, kwa upande wake, hupitisha fedha za mwaka mmoja mmoja, kuanzia Julai 1. Ukifadhili wanafunzi 20 mwaka huu na kuongeza 20 kila mwaka, mwaka wa tatu unalipia 60. Ahadi hutolewa kwa kundi la kwanza, bili huja na la tatu.

Na karo ndiyo sehemu nyepesi. Chukua upasuaji. Mwanafunzi wa ubingwa ana daftari lake: tarehe, aina ya upasuaji, kama alisaidia tu au alifanya mwenyewe akisimamiwa, na sahihi ya bingwa. Oksijeni ikikatika, au daktari wa usingizi asipokuwepo, chumba cha upasuaji kinasimama na ukurasa wa siku hiyo unabaki mtupu. Wapasuaji ndio wanaotajwa kwenye hotuba. Daktari wa usingizi hukumbukwa siku upasuaji unapoahirishwa. Kwa maoni yangu fani hizi mbili zisipangiwe nafasi kwenye vikao tofauti.

Tena huyu si mwanafunzi wa kukaa na kusikiliza. Katika hospitali za kufundishia yeye hukesha wodini, hupokea wagonjwa wa dharura na kuwasimamia watarajali. Baadhi wanafadhiliwa na serikali, wengine wanajilipia karo huku wakifanya kazi ileile. Kumpa posho si kumfadhili, ni kumlipa jasho lake.

Mahali pa kufundishia nako kuna uzito. Makerere ilianza kufundisha udaktari mwaka 1924, na kwa miongo mingi ubingwa ulimaanisha Mulago, hospitali ya taifa ya rufaa jijini Kampala. Chuo Kikuu cha Mbarara, kilichoanzishwa 1989, kilifungua mlango magharibi. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoundwa 1999, hufundishia ndani ya hospitali zilizoidhinishwa, si lazima chuo kikuu. Njia hiyo inafaa kutiliwa mkazo, kwani daktari aliyejifunzia Gulu au Mbale ameshaizoea hospitali ya mkoa na upungufu wake.

Halafu anahitimu. Tume ya Huduma za Afya haiwezi kumwajiri kwenye hospitali ya rufaa ikiwa nafasi hiyo haimo katika muundo wa utumishi, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, au imo lakini haina fungu la mshahara. Basi anaelekea hospitali binafsi za Kampala, au anapanda ndege.

Taarifa ya sera ya Wizara ya Afya, yenye mgawanyo wa bajeti yake, hufika Bungeni kabla ya Machi 15. Anayetaka kujua kama mpango upo asome humo mafungu mawili kwa pamoja: ufadhili wa mafunzo, na mishahara ya mabingwa katika hospitali za rufaa za mikoa.