Mchezo mmoja, wachezaji wawili: machaguo ya mstari wa amri kwenye mazingira ya kufunzia ajenti

Mchezo wangu ni mdogo: uwanja wa miraba 12 kwa 12, mchungaji, mbuzi watano, lambo upande wa mashariki, na katikati shamba la zabibu lisilo na uzio. Mkazi wa Dodoma haelezwi kwa nini shamba liko pale. Mbuzi akifika majini unapata pointi 10, akila zabibu unapoteza 5. Mtu anacheza kwa vishale vya kibodi. Ajenti, yaani programu inayojifunza kwa kujaribu, anacheza maelfu ya raundi mpaka thawabu, yaani pointi hizo, zimfundishe njia.

Mtu anahitaji dirisha na mwendo wa taratibu. Ajenti hahitaji kuona chochote. Kwa muda mrefu nilikuwa nafungua faili, nabadilisha mstari mmoja, naendesha, halafu nasahau kuurudisha. Siku moja nilikuwa na matokeo matatu kwenye daftari na sikujua lipi limetokana na mpangilio upi. Hapo ndipo nilipoingiza argparse, maktaba ya Python inayosoma machaguo unayoandika kwenye mstari wa amri, pale unapoiita programu. Imo ndani ya Python 3 tangu toleo la 3.2, kwa hiyo huli bando kuipakua.

python mbuzi.py --mchezaji mtu
python mbuzi.py --mchezaji ajenti --hatua 200000 --mbegu 7

Majina ni ya Kiswahili kwa makusudi. Wanafunzi wa sekondari wanaokuja kwangu Nkuhungu kila Jumamosi wanaandika --mchezaji bila kuuliza maana yake.

Chaguo lililonitesa ni la dirisha. Niliandika type=bool, yaani thamani ya kweli au si kweli, nikaendesha kwa --dirisha False, nikalala. Asubuhi dirisha lilikuwa wazi na mchungaji bado anatembea. Sababu ni hii: kila unachoandika kwenye mstari wa amri kinaingia kama maandishi, na kwa Python maandishi yoyote yasiyo matupu ni kweli. Neno False lina herufi tano, kwa hiyo ni kweli. Dirisha langu huchora picha 10 kwa sekunde, na kila hatua husubiri picha yake. Hatua 200,000 ni sekunde 20,000, yaani zaidi ya saa tano na nusu, kwa kazi ambayo bila dirisha huisha kabla chai haijapoa. Dawa ni action="store_true": ukiandika --dirisha linafunguka, usipoandika halipo. Tangu Python 3.9 ipo pia BooleanOptionalAction, lakini hiyo inazaa --no-dirisha, na mimi mchanganyiko huo siupendi.

Mbegu, yaani nambari inayoanzisha bahati nasibu ya mchezo ili iweze kurudiwa vile vile, nayo ina mtego wake. Kwenye Gymnasium, maktaba ya Python ya mazingira ya kufunzia ajenti, unaipeleka kwa reset(seed=7), amri inayoanzisha raundi upya, na inatosha kuipeleka mara moja, mwanzoni. Ukiirudia kila raundi, mbuzi watasimama pale pale kila raundi, na ajenti atakariri uwanja mmoja badala ya kujifunza kuchunga. Nambari za thawabu zitapanda vizuri, ndiyo maana kosa hili ni gumu kulinusa. Kama ajenti anabahatisha hatua kupitia action_space, yaani seti ya hatua anazoweza kuchagua, nayo ipe mbegu yake, kwa sababu ile ya reset haiifikii.

Jambo ninalolisimamia kuliko yote: usisome machaguo ndani ya darasa (class) la mazingira, yaani msimbo wa mchezo wenyewe. Yasome kwenye faili la kuanzishia, kisha yapitishe kama vigezo vya kawaida wakati wa kuunda mazingira. Mazingira yakisoma mstari wa amri yenyewe, siku mwenzako atakapoyaita kutoka kwenye programu yake ya mafunzo, machaguo yake yatagongana na yako na programu itakufa kabla hata mbuzi hawajasogea.

Sasa kila nikiendesha, machaguo yote yanahifadhiwa kwenye faili la maandishi la JSON kando ya matokeo, kwa mstari mmoja tu wa vars(args), unaotoa majina ya machaguo na thamani zake. Jumamosi iliyopita binti wa kidato cha pili alisoma faili hilo, akaandika amri ile ile kwenye kompyuta yake. Tukasubiri. Mbuzi wa tatu aliingia kwenye zabibu hatua ya 41, kama alivyoingia kwangu.